Dhana Mbaya Yenye Heri

Mama ajifunguaye katika hospitali za nchi ya chai ya Kenya, iwe Tenwek au Longisa upande wa Bomet, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho, ikiwa damu yake haina ile alama iitwayo Rhesus na mtoto wake amezaliwa nayo, yapasa adungwe sindano kabla ya kupita saa 72, iwe kinga ya mimba zitakazofuata, ili mwili wake usije ukaiasi damu ya mtoto mwingine atakayembeba. Akiipata hushukuru, akambeba mwanawe, akarejea kwake Litein au Sotik, aghalabu pasina kujua kwamba dawa ile haikuchimbwa ardhini wala haikukamuliwa katika mmea, ila ilitengwa katika damu ya watu asiowajua, wa nchi asiyoijua, na kwamba katika zama za mama yake mzazi dawa ya namna hiyo hiyo iliwatia maradhi ya ini wanawake zaidi ya 1,000 katika nchi moja ya Ulaya.

Kwamba leo sindano hiyo hudungwa bila ya hofu hiyo si kwa sababu watoaji damu wa siku hizi ni wema kuliko wa zamani. Ni kwa sababu mafundi wa kazi hii, baada ya misiba mikubwa, walijifunza kutenda kinyume cha adabu tunayofunzwa utotoni. Katika ujirani, dhana njema ni sifa na dhana mbaya ni aibu. Lakini katika kutengeneza dawa zitokanazo na damu usalama ulianza siku ile walipokubali kulidhania vibaya kila tone, hata tone la mtu mwaminifu aliyepimwa na kuonekana mzima, na kulitendea kana kwamba adui amekwisha kuingia ndani yake. Jinsi walivyofikia itikadi hiyo, na kiasi ambacho itikadi hiyo inatufaa sisi wa Afrika Mashariki, ndiyo habari ya makala haya.

Damu ya mtu mzima, ambayo ni kadiri ya lita 5, ikizuiwa isigande na kuachwa itulie, hujigawa yenyewe: chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu, ambayo kiasi chake hupita nusu ya damu yote, nayo huitwa plazima. Ndani ya plazima mna protini za namna nyingi, na kila moja ina wadhifa wake. Iko albumini, ambayo huyashika maji yasitoke mishipani, na kwa hiyo hufaa kwa mtu aliyeungua vibaya au aliyepoteza damu. Ziko kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, na katika hizo hupatikana dawa ya mama tuliyemtaja, na dawa apewayo mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kadhalika ziko protini za kuigandisha damu, na mashuhuri yao ni ile ya nane katika hesabu ya matabibu, ambayo wenye maradhi ya himofilia huzaliwa wakiwa nayo haba au hawana kabisa. Maradhi haya humpata takriban mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000, na mwenye nayo akijikwaa tu goti hujaa damu kwa ndani, na aking'olewa jino huweza kufa. Katika magharibi ya Kenya, jamaa wenye mtoto wa namna hiyo humpeleka Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako wagonjwa hao wana kliniki yao.

Sasa protini hizi ni chache sana katika damu ya mtu mmoja, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mkulima wa Kapkoros au Mogogosiek anajua kwamba majani yake, yakishapimwa katika banda la kununulia na kumwagwa kiwandani juu ya hori za kunyaushia, hakuna tena mtu duniani awezaye kusema jani lipi ni lake na lipi ni la jirani, na kwamba kapu moja la majani yaliyochacha huitia doa chai ya wakulima wote wa siku hiyo. Plazima hukusanywa vivyo hivyo: ya watu maelfu, pengine makumi ya maelfu, humiminwa katika tangi moja, na katika tangi hilo hutoka vichupa vya dawa ambavyo husambazwa nchi nyingi, basi akiwamo mtoaji mmoja mwenye kirusi katika damu yake, kila kichupa huweza kuchukua sehemu ya msiba wake.

Mtu atauliza kwa haki: je, haitoshi kuwapima watoaji? Jibu la swali hili lilipatikana kwa sehemu pale pale Kericho. Katika mji huo, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, ikishirikiana na watafiti wa jeshi la Marekani, ilianza mwaka 2003 kuwafuata wakazi zaidi ya 2,800 wa mashamba ya chai ili kujua hali ya UKIMWI miongoni mwao, ikaona kwamba zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa na kirusi. Kisha, kuanzia mwaka 2009, Kericho ikaingia katika utafiti mwingine wa ajabu, pamoja na Kampala, Mbeya na nchi ya Thailand. Watu 2,276 wasio na kirusi, lakini walio katika hatari kubwa ya kukipata, walikubali kuchomwa kidole mara mbili kila juma, juma baada ya juma, ili watakaoambukizwa wajulikane katika siku zile za mwanzo kabisa ambazo kwa kawaida hakuna tabibu azionaye, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hana habari. Watu 112 kati yao waliambukizwa.

Yaliyoonekana, ambayo yalitangazwa mwaka 2016, yanastahili kufikiriwa na kila mtu atakaye kuyafahamu mambo ya damu. Kirusi kilipokwisha kuonekana kwa mara ya kwanza kiliongezeka kwa kasi hata kikafikia kilele chake kwa kadiri ya siku 13, wakati ambapo mililita moja ya damu ilikuwa na nakala zake kwa mamilioni. Na kile kipimo cha kawaida kitafutacho kingamwili kilianza kuamka na kusema "huyu ameambukizwa" kwa kadiri ya siku ya 14. Maana yake ni kwamba mtu huweza kwenda kutoa damu kwa moyo safi, akapimwa, akaambiwa yu mzima, na kumbe siku ile ile damu yake imejaa kirusi kuliko itakavyojaa wakati mwingine wowote. Viko vipimo vya gharama zaidi ambavyo hukitafuta kirusi chenyewe pasipo kungoja kingamwili, navyo huufupisha muda huo wa upofu. Viko pia viwanda ambavyo huiweka plazima ghalani siku 60 ili mtoaji arejee na kupimwa tena kabla haijatumika. Yote hayo ni hadhari njema, lakini muda wa upofu hufupishwa tu, haufutwi. Na vipimo vyote vina kasoro moja isiyo na dawa, kwamba huvitafuta virusi vinavyojulikana tu, na kisichojulikana hupita mlangoni bila ya kuulizwa.

Kisichojulikana kilipita mara nyingi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa Marekani walichanjwa dhidi ya homa ya manjano, maradhi ambayo kwa ajili yake taasisi ya utafiti ilikuwa imekwisha kufunguliwa Entebbe, Uganda, mwaka 1936. Na ili nguvu ya chanjo isipungue, watengenezaji waliitia maji ya damu ya binadamu yaliyotolewa na watu wazima wa siha, kwa kadiri jicho lilivyoweza kuona. Askari wapatao 50,000 walishikwa na ugonjwa, macho yao yakageuka rangi, na sababu haikuwa homa ya manjano wala chanjo yenyewe: ilikuwa homa ya ini ya namna B, ambayo wakati huo haikuwa na jina hilo wala kipimo.

Katika vita hivyo hivyo, Edwin Cohn, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua jinsi ya kuzitenga protini za plazima moja moja kwa kutumia spiriti na baridi kali, na albumini yake iliwafaa majeruhi wa Pearl Harbor mwezi Desemba mwaka 1941. Albumini ilikuwa na bahati yake: ikitiwa viungo viwili vitatu vya kuituliza, huweza kupashwa moto wa nyuzi 60 kwa saa 10 pasipo kuharibika, hali virusi huangamia. Tangu ilipoanza kutendewa hivyo katika miaka ya 1940, albumini imejijengea jina la amana ambalo dawa chache za damu zimelipata. Lakini protini ya nane haikustahimili moto huo. Wakati viwanda vilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuitengeneza kwa wingi kuwa unga ambao mgonjwa huweza kuuyeyusha na kujidunga mwenyewe nyumbani, watu waliiona kuwa ni neema kubwa, na kweli ilikuwa neema, maana watoto waliokuwa wakikaa vitandani waliinuka wakaenda shule; ila unga ule ulitoka katika matangi ya watoaji maelfu, na haukupashwa moto.

Mwezi Julai mwaka 1982 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa watatu wa himofilia waliopatwa na maradhi ya mapafu ya ajabu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara. Kabla ya miaka mingi kupita, karibu nusu ya wenye himofilia wa Marekani walikuwa wameambukizwa kirusi cha UKIMWI na dawa zao wenyewe. Na huko Uingereza wapatao 1,250. Tume iliyoongozwa na Sir Brian Langstaff, ambayo ilitoa ripoti yake tarehe 20 Mei 2024, ilikuta kwamba watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa katika Uingereza kwa damu na dawa za damu, na kwamba msiba huo kwa sehemu kubwa ungaliweza kuepukwa, lau wakubwa wangalikubali kuona yaliyokuwa mbele ya macho yao.

Nchi ya Ulaya niliyoigusia mwanzo ni Ireland. Kati ya mwaka 1977 na 1979, dawa ya akina mama wasio na Rhesus ilitengenezwa huko kwa plazima ambayo kwa sehemu ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa ameonyesha dalili za maradhi ya ini. Waliohusika walituliza nyoyo zao kwa itikadi ya siku zile, kwamba kingamwili ni dawa salama kwa asili yake na haina haja ya kuhofiwa. Habari ilijulikana hadharani mwezi Februari mwaka 1994, baada ya miaka zaidi ya 15, wakati wanawake wale walipokwisha kulea watoto wao hali homa ya ini ya namna C inawala polepole. Ujerumani ya Mashariki nayo ilipatwa na balaa kama hilo, kwa dawa ile ile, katika miaka hiyo hiyo. Hakuna katika visa hivi aliyekusudia kuua. Kilichoua ni dhana njema.

Tuje sasa kwenye ufundi wenyewe. Ugumu wake ni kwamba kirusi na dawa vimo katika maji yale yale, vyote viwili vimejengwa kwa protini, na kila kitu kiwezacho kukiangamiza kimoja huelekea kukiangamiza kingine. Fundi atakaye kuiua sumu na kuiacha dawa hai hana budi kutafuta tofauti ndogo iliyopo kati yao na kuitumia kwa ustadi.

Njia ya kwanza ni moto. Kiwanda cha Behringwerke katika mji wa Marburg, Ujerumani, ndicho kilichotangulia kuipasha moto protini ya nane ingali katika hali ya maji, nyuzi 60 kwa saa 10, kwa kuitia kwanza sukari na viungo vingine vya kuihami, na dawa hiyo ikaruhusiwa mwaka 1981, kabla ulimwengu haujalijua jina la UKIMWI. Kiwanda hicho kilikuwa na sababu yake ya kuvihofu virusi: mwaka 1967 wafanyakazi wake walikuwa miongoni mwa watu 31 walioambukizwa kirusi kilicholetwa na tumbili kutoka Uganda, wakafa 7, na kirusi kile kikapewa jina la mji wao. Waingereza wao waliikausha kwanza ikawa unga kisha wakaupasha nyuzi 80 kwa saa 72, nao pia walifaulu.

Njia ya pili ni sabuni na kiyeyushi, nayo ilibuniwa na Bernard Horowitz na wenzake katika kituo cha damu cha New York, ikaruhusiwa nchini Marekani mwaka 1985. Tofauti waliyoitumia ni hii: kirusi cha UKIMWI, na vya homa ya ini namna B na C, vimevaa utando wa mafuta, na bila ya utando huo haviwezi kuingia katika chembe ya mtu, hali protini ya dawa haina utando. Plazima hutiwa kiyeyushi na sabuni maalumu, ikakorogwa saa kadhaa katika joto la wastani, utando ukayeyuka na kirusi kikafa, kisha sabuni ikatolewa yote kabla ya dawa kutiwa kichupani. Iko pia njia ya tindikali, ambayo hufaa zaidi kwa kingamwili, maana kingamwili huweza kukaa katika maji machachu kwa muda ambao virusi vingi vyenye utando haviwezi.

Haukupita muda ikadhihirika kwamba hata njia nzuri ina mpaka wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa wa himofilia wapatao 50 nchini Italia walipatwa na homa ya ini ya namna A kutokana na dawa iliyotiwa sabuni kwa kanuni zote. Kwani kirusi cha namna A hakina utando wa mafuta, na sabuni haina la kuyeyusha. Kingine cha namna hiyo ni kile kiitwacho Parvo B19, ambacho huwadhuru hasa wajawazito na wenye upungufu wa damu. Kwa ajili ya hivi vilivyo uchi ndipo vilipoletwa vichujio vya nyuzi nyembamba, vyenye matundu ya nanomita 15 au 20, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kirusi cha UKIMWI, chenye nanomita zaidi ya 100, hakina njia ya kupita hapo. Cha homa ya ini namna A, chenye nanomita 27 hivi, hubaki nyuma. Na kingamwili, ambayo ni ndogo kuliko vyote hivyo, hupenya ikatoka upande wa pili. Tangu hapo wasimamizi wa dawa katika nchi nyingi hutaka kila dawa ya damu ipite katika hatua mbili zisizofanana, ili kile kinachoiponyoka ya kwanza kikutwe na ya pili.

Na wajuaje kwamba hatua hizo zafanya kazi, maadamu dawa ikishakuwa safi hakuna kirusi cha kuonyesha? Hufanya hivi: hujenga katika maabara mfano mdogo wa kiwanda, wakaimwagia plazima virusi hai kwa makusudi, kwa wingi usioweza kutokea kamwe katika damu ya mtu, kisha wakahesabu vingapi vimesalia baada ya kila hatua. Hatua isiyopunguza virusi hata kibaki kimoja tu katika kila 10,000 haihesabiwi kuwa hatua madhubuti. Na kwa kuwa kirusi cha homa ya ini namna C kilikuwa kigumu sana kukuzwa maabarani, mahali pake hutumiwa jamaa yake wa karibu, kirusi cha kuhara cha ng'ombe, kinachojulikana na matabibu wa mifugo kote duniani. Hivyo wafugaji wa Bomet, pasipo kujua, wana ujirani na elimu hii kwa njia ya zizi lao.

Hapa ndipo ubora wa dhana mbaya unapobainika. Kirusi cha homa ya ini namna C kilitambuliwa mwaka 1989. Sabuni ya New York ilikuwa ikikiua tangu mwaka 1985, miaka minne kabla ya mtu yeyote kukijua. Kirusi cha West Nile kilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile huko Uganda, kikatambuliwa na watafiti wa Entebbe. Kiliposafiri hata kikaingia Marekani mwaka 1999, na mwaka 2002 kikawapata huko wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu, watu waliingiwa na hofu juu ya akiba yote ya dawa za plazima, kumbe vichupa vilikuwa salama, kwa kuwa kirusi kile kina utando na utando wake ulikuwa umekwisha kuyeyushwa. Vivyo hivyo virusi vya Ebola, vya Marburg, na vya homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1931: vyote vimevaa mafuta, na vyote huangamizwa na sabuni ile ile isiyouliza jina. Kipimo humkamata adui aliyeandikwa katika daftari; sabuni, moto na kichujio huwapata hata wale ambao daftari halijawasikia.

Hayo ni ya vichupa. Lakini mgonjwa wa nchi ya chai aghalabu hapewi kichupa. Hupewa mfuko wa damu, na mfuko wa damu una sheria nyingine. Chembe nyekundu haziwezi kupashwa moto zikabaki hai, na sabuni huzipasua mara moja. Kwa hiyo mama anayevuja damu baada ya kuzaa, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hutegemea mambo mawili tu, nayo ni kipimo na ukweli wa mtoaji. Zamani hata hayo mawili yalikuwa dhaifu. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za Kenya ulikadiria kwamba katika kila mifuko 100 waliyoongezewa wagonjwa, miwili ilipitisha kirusi cha UKIMWI. Baada ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ulioua watu zaidi ya 200 na kuonyesha jinsi akiba ya damu ilivyokuwa haba, Kenya iliunda huduma ya taifa ya damu, yenye vituo vya majimbo ambavyo vitatu vyake, Nakuru, Eldoret na Kisumu, vinaizunguka nchi ya chai. Na damu ikaanza kupimwa kwa utaratibu mmoja dhidi ya UKIMWI, homa ya ini namna B na C, na kaswende. Watoaji wake wakubwa wamekuwa wanafunzi wa shule za sekondari, na ndiyo sababu damu huadimika shule zikifungwa.

Plazima ya watoaji hao, je? Kenya haina kiwanda cha kuitengeneza kuwa dawa, na vichupa vyake huagizwa ng'ambo. Kiwanda cha namna hiyo huhitaji plazima lita laki kadhaa kila mwaka ili kijimudu, tena plazima iliyokusanywa kwa masharti yasiyo na mwanya. Katika Afrika iliyo kusini ya Sahara mahali panapojulikana kwa kazi hiyo ni Pinetown, karibu na Durban, Afrika Kusini. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka 2021 wa kuzisaidia nchi zenye uchumi mdogo ziipatie thamani plazima yao wenyewe, maana nyingi huishia kutupwa.

Hata hivyo ipo njia ya katikati, na imeonyeshwa na Waafrika. Mjini Cairo, tabibu Magdy El-Ekiaby, akishirikiana na mtaalamu mwenzake Thierry Burnouf, aliisogeza sabuni ya kiwandani hata ikaingia katika chumba cha hospitali: mifuko michache ya plazima, badala ya maelfu, hutiwa sabuni na kiyeyushi ndani ya mifuko maalumu, na kwa hiyo mgonjwa wa himofilia hupata protini yake bila ya kungoja kiwanda cha mamilioni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliiingiza dawa ya namna hiyo, iliyosafishwa dhidi ya virusi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Na huko Kumasi, Ghana, matabibu walijaribu kuutia mfuko mzima wa damu vitamini B2 na kuumulika kwa mwanga usioonekana kwa jicho, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopata malaria kutokana na damu hiyo walikuwa wachache sana kuliko waliopewa damu ya kawaida. Hizi ni kazi ambazo hospitali ya rufaa ya Kericho au ya Eldoret yaweza kuziota bila ya kuonekana yenye kichaa.

Mpaka hapo zitakapofika, msomaji ana wajibu wa namna mbili, na haifai kuuchanganya mmoja na mwingine. Apewapo dawa ya kichupa, na awe na shaka kama watengenezaji wake walivyokuwa nayo: aulize kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kama ilihifadhiwa katika baridi iliyoamriwa, na ahakikishe kwamba namba ya toleo iliyochapwa juu ya kichupa imeandikwa katika cheti chake cha hospitali, kwa maana siku ambapo kiwanda kitagundua kosa, namba hiyo ndiyo njia pekee ya kumfikia. Lakini aendapo yeye mwenyewe kutoa damu, akaulizwa na muuguzi maswali ya faragha juu ya mwenendo wake wa majuma yaliyopita, na ajue kwamba hapo hakuna moto, wala sabuni, wala kichujio kitakachosahihisha uongo wake, na kwamba katika zile siku 14 ambazo watu wa Kericho walisaidia kuzipima, kipimo chaweza kunyamaza. Akiwa na wasiwasi na nafsi yake, na aahirishe, arudi baada ya miezi, hakuna amdaiye. Kiwanda kina mitambo ya kufanya shaka kwa niaba ya wote; kitandani pa mtoaji shaka hiyo hana wa kuifanya ila mtoaji mwenyewe, juu ya nafsi yake.